Nazi inaanguka, mwezi mbona hauanguki?

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilidondoka kutoka angani na kutua katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Upana wake ulikuwa kama mita 2.5 na ilikadiriwa kufika kilo 500. Bahati njema hakuna aliyeumia. Siku mbili baadaye Shirika la Anga za Juu la Kenya likatoa taarifa ya awali: ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, na kwa kawaida vyuma vya namna hiyo huungua vikirudi kwenye hewa ya dunia, au huangukia baharini mbali na watu. Wataalamu wengine walikuja kuhoji imetoka wapi hasa, lakini mjadala huo tuwaachie wenyewe.

Kundi la WhatsApp la ukoo wetu halikungoja taarifa ya mtu. Picha zilishasambaa kabla ya watu kula chakula cha usiku, na mjomba wangu, ambaye alikuwa fundi wa majahazi kabla mgongo haujamkataza, akaandika hivi: "Mpwa wangu, nyinyi mliosoma mlituambia huko juu hakuna mvutano, ndiyo maana wale watu wanaelea. Sasa kama mvutano haupo, hiki chuma kimevutwa na nani?"

Kwanza nilicheka. Nilipotaka kujibu nikaona swali la mzee halina kasoro hata moja, kasoro iko kwenye kile tulichomwambia. Wengi wetu tulitoka shule na picha kichwani kwamba dunia inavuta vitu mpaka mahali fulani, kisha kuna mpaka, ukiuvuka unaelea. Mpaka huo haupo. Ili kuliona hilo inabidi turudi nyuma kidogo, kwenye maneno yenyewe.

Kani ni msukumo au mvuto. Ukisukuma mkokoteni umetia kani, ukivuta ndoo kisimani ni kani, na meza inayoshikilia sahani yako isidondoke nayo inaisukuma sahani juu kwa kani. Mtaani tunasema nguvu, na si kosa, ila neno hilo limebeba mizigo mingi mno: kuna nguvu za umeme, nguvu za kiume, nguvu za dola. Kani ni msukumo au mvuto tu, basi. Hupimwa kwa newtoni. Weka kitunguu cha gramu 100 kiganjani. Mkono wako unakizuia kisianguke kwa kani ya karibu newtoni 1.

Halafu kuna jozi inayotutatiza zaidi: masi na uzito. Masi ni wingi wa kitu chenyewe, kile kilichomo ndani yake. Uzito ni kani ambayo dunia inakivutia kitu hicho. Sokoni tunavichanganya kila siku na hakuna anayepunjika, maana wote tunauza na kununua juu ya dunia hiyohiyo moja. Lakini ziangalie mizani mbili za muuza samaki. Ya kwanza ni ile ya sahani mbili, samaki huku na mawe ya mizani kule. Ya pili ni ya kuning'iniza, yenye springi ndani na mshale unaoshuka. Mchukue jodari wa kilo 6 umpeleke mwezini, ambako mvutano ni kama sehemu moja ya sita ya wetu. Mizani ya sahani itasema kilo 6 vilevile, kwa sababu jodari amepungukiwa mvuto na mawe nayo yamepungukiwa kwa kiasi kilekile. Ya springi itasema kilo 1. Samaki hakupungua hata gamba. Masi yake imebaki, uzito wake ndio uliobadilika.

Na si lazima uende mwezini. Dunia haivuti sawasawa kila mahali: imetutumka kidogo kiunoni, kwenye mstari wa ikweta, na tena inazunguka. Kwa sababu hizo mbili, gunia la mahindi la kilo 90 likining'inizwa kwenye mizani ileile ya springi litaonekana jepesi kwa karibu nusu kilo pale Nanyuki, mji ulio juu ya ikweta, kuliko kwenye ncha ya kaskazini ya dunia. Madalali wasije wakapata wazo.

Kwenda hakuhitaji kusukumwa

Dhana iliyokaa vichwani mwa watu muda mrefu kuliko zote ni hii: kitu hakiendi bila kusukumwa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliifundisha, na ukimtazama hamali na mkokoteni wake unaona alikuwa na hoja. Hamali akisukuma, mkokoteni unakwenda. Akiacha, unasimama. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Ushahidi uko kwenye ubao wa keram. Chukua kete, uipige kwenye ubao mkavu: inakwenda kidogo na kukwama. Sasa nyunyiza poda, uipige kwa pigo lilelile. Inateleza mpaka ukingoni, inagonga, inarudi. Kidole chako kilitoka pale zamani, hakuna anayeisukuma kete njiani. Kilichobadilika ni msuguano, ile kani ya vitu viwili vinavyokwaruzana, ambayo daima hupinga mwendo. Poda imeupunguza. Ungeweza kuuondoa kabisa, na ubao ungekuwa hauna mwisho, kete isingesimama kamwe. Kwa hiyo mkokoteni wa hamali hausimami kwa kukosa msukumo. Unasimamishwa na mchanga, na ekseli kavu, na magurudumu yaliyokosa upepo. Kazi yote ile ya jasho ni ya kushindana na msuguano.

Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliliona hili, na Isaac Newton akaliweka kama kanuni mwaka 1687: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ileile kwenye mstari ulionyooka, mpaka kani fulani ikiingilie. Tabia hii ya vitu kung'ang'ania hali vilivyo nayo huitwa inesha. Ikikuingia hii, mengine yote yanafuata, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Uko kwenye matatu (au daladala, kama uko Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro). Mbuzi anakatiza barabara, dereva anakanyaga breki, wote mnainama mbele, makanga aliyesimama mlangoni anadaka chuma. Tunasema "tumerushwa." Hakuna aliyeturusha. Gari ndilo lililozuiwa na breki, sisi tuliendelea na safari kwa kasi tuliyokuwa nayo, mpaka kiti cha mbele kikatuzuia. Kwenye kona kali ni hivyohivyo: unahisi unasukumwa kuelekea nje ya kona, kumbe mwili wako unataka kunyooka moja kwa moja na gari ndilo linalokata chini yako.

Kani inayohitajika kukizuia kitu unaweza kuihesabu: ni masi mara kasi inayobadilika kila sekunde. Mama amempakata mtoto wa kilo 10, gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, yaani kama mita 14 kwa sekunde. Gari likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mikono ya mama itatakiwa kumzuia mtoto kwa kani ya newtoni 1,400. Hiyo ni sawa na kunyanyua kilo 140 kwa mpigo, ghafla, bila kujiandaa. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, ampende mtoto vipi. Watu wanaoamini kuwa mtoto wa pajani yuko salama hawana uzembe, wana fizikia ya mkokoteni.

Inesha pia ndiyo inayojibu swali la "mbona hatuhisi dunia ikizunguka?" Sisi wa karibu na ikweta tunabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, na chai haimwagiki. Haimwagiki kwa sababu ileile ambayo haimwagiki kwenye treni ya Mombasa hadi Nairobi ikishakolea mwendo na kunyooka. Mwili hauhisi kasi, unahisi kasi inapobadilika. Jiwe likiachiwa juu ya mlingoti wa jahazi linalokwenda taratibu kwenye bahari tulivu huangukia chini ya mlingoti, halibaki nyuma majini, maana lilikuwa linasafiri na chombo tangu awali. Na kwa kuwa tumeutaja mzunguko wa dunia: wale vijana wanaowaonyesha watalii ikweta jinsi maji yanavyozunguka kulia upande huu wa mstari na kushoto upande ule, hatua chache tu mbali, wanafanya mazingaombwe. Mzunguko wa dunia hupindisha vimbunga vya mamia ya kilomita. Kwenye beseni athari yake ni ndogo mno, namna unavyoyamimina maji ina nguvu zaidi. Mimi huwapa chochote kitu kwa ustadi wa mikono.

Nazi na kuti

Mkwezi yuko juu ya mnazi wa mita 20. Anaangusha nazi, anaangusha na kuti kavu. Nazi inafika chini kwa kama sekunde 2, kwa kasi ya karibu kilomita 70 kwa saa, ndiyo maana hatulali chini ya minazi. Kuti linakuja likiyumbayumba, lina wakati wake. Mtu yeyote anayetazama atasema: kizito huanguka haraka kuliko chepesi.

Sasa fikiri hivi, hoja hii ni ya Galileo ila nazi ni zetu. Nazi mbili zinazolingana zinaachiwa kwa pamoja, bega kwa bega. Zitafika pamoja, hapo hakuna ubishi. Zifunge kwa uzi mwembamba uziachie tena. Umepata kitu kimoja chenye uzito maradufu. Je, sasa kitafika haraka maradufu? Kwa sababu ya uzi? Uzi haukuongeza chochote, kila nazi bado inaanguka kama ilivyokuwa. Basi uzito hauongezi kasi ya kuanguka. Kinacholichelewesha kuti ni hewa: ni pana, ni jepesi, hewa inalizuia kutoka chini. Ondoa hewa, kuti na nazi vitatua sawia.

Hewa imeshaondolewa, mbele ya kamera. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini, ambako hewa hakuna, akashika nyundo mkono mmoja na unyoya wa ndege mkono wa pili, akaviachia. Vikagusa vumbi pamoja.

Inakuwaje, ilhali kizito kinavutwa zaidi? Ni kweli kinavutwa zaidi. Lakini pia kina masi kubwa zaidi, kwa hiyo ni kigumu zaidi kukiondoa pale kilipo. Mvuto umeongezeka mara mbili na ubishi umeongezeka mara mbili, hesabu inabaki palepale. Kila kinachoanguka karibu na uso wa dunia, tukiisahau hewa, kila sekunde inayopita kinaongeza kasi ya mita 9.8 kwa sekunde, yaani kama kilomita 35 kwa saa. Iwe embe, iwe pete ya roketi.

Kuanguka na kukosa chini

Simama juu ya ukuta wa Fort Jesus, wenye kutazama bahari. Achia jiwe moja lidondoke wima. Wakati huohuo mwenzako atupe jingine kwa nguvu, mbele moja kwa moja, bila kulielekeza juu wala chini. Lipi litafika kwanza usawa wa maji? Wengi husema la kwanza, maana lina njia fupi. Yanafika pamoja. Mvutano hauna habari kwamba jiwe la pili linakwenda mbele, unalivuta chini vilevile kama unavyolivuta la kwanza. Kwenda mbele ni jambo moja, kuanguka ni jambo jingine, na jiwe linafanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Tupa kwa nguvu zaidi, litaangukia mbali zaidi. Newton alifikiria mlima mrefu mno, kilele kimetokeza nje ya hewa, na mzinga juu yake unaopiga risasi mbele. Dunia ni mviringo. Ukienda kilomita 8 kwa mstari ulionyooka, uso wa dunia unakuwa umekwepa chini yako kwa karibu mita 5. Na kitu kikianza kuanguka, sekunde ya kwanza huanguka karibu mita 5. Ziweke hizo namba mbili pamoja. Risasi ikienda kilomita 8 kila sekunde, itaanguka mita 5 na ardhi itakuwa imeteremka mita 5. Inaanguka, na ardhi inaikimbia. Sekunde inayofuata, vivyo hivyo. Itaizunguka dunia nzima ikianguka bila kufika chini.

Hiyo ndiyo setilaiti. Haikushikiliwa na kitu, wala haikutoroka mvutano. Inaanguka tangu siku iliyorushwa, ila inakwenda pembeni kwa kasi kiasi kwamba dunia inaikosa kila mara. Bila mvutano isingeelea pale, ingenyooka moja kwa moja kama kete ya keram na tusingeiona tena.

Wale wanaanga je? Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama kilomita 400 juu. Umbali huo ni mfupi kuliko safari ya basi kutoka Mombasa hadi Nairobi, na nusu kipenyo cha dunia ni kama kilomita 6,370, kwa hiyo hata hawajaenda mbali. Mvutano pale ni karibu asilimia 89 ya huu tulio nao. Ungejenga mnara wa urefu huo, mtu wa kilo 70 akapanda juu na kusimama kwenye mizani ya bafuni, ingesoma karibu kilo 62. Angetembea kama kawaida, angedondosha kikombe kikavunjika. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao hawako juu ya mnara. Wanaanguka, chombo kinaanguka, mizani inaanguka, kikombe kinaanguka, vyote kwa kiasi kimoja, kama zile nazi mbili zilizofungwa uzi. Hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Nawe umeshaonja kidogo: matatu ikilipita tuta kwa kasi, kuna nukta ambapo makalio yanaachana na kiti na tumbo linabaki juu. Wanaanga wako kwenye tuta hilo miezi sita.

Wanakimbia kilomita 28,000 kwa saa na huizunguka dunia kwa dakika kama 90. Ukipanda juu zaidi mvutano unapungua, kasi inayotakiwa inapungua, na njia inakuwa ndefu, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua muda mrefu zaidi. Ukifika karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, mzunguko mmoja unachukua siku moja, sawasawa na dunia yenyewe, na setilaiti inaonekana imeganda angani. Huko ndiko ziliko setilaiti nyingi za televisheni, na ndiyo maana fundi akishafunga dishi halisogezwi. Na kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, madishi yetu mengi yanatazama karibu juu kabisa, yanakinga maji ya mvua kama karai, wakati ya Ulaya yamelala kutazama kusini.

Endelea kupanda mpaka kilomita 384,000 kutoka kitovu cha dunia, mara 60 ya nusu kipenyo cha dunia. Mvutano hupungua kwa mraba wa umbali, mara 60 ni 60 kwa 60, kwa hiyo huko umebaki sehemu moja kati ya 3,600. Kidogo, lakini upo. Kitu kilichoko huko huanguka kuelekea kwetu zaidi kidogo ya milimita 1 kila sekunde, huku kikienda pembeni kama kilomita 1 kila sekunde. Kitu hicho ni mwezi. Unaanguka kama nazi, kani ni ileile moja. Fikra hiyo ya Newton, kwamba kinachoangusha tunda na kinachoushika mwezi ni kitu kimoja, ndiyo iliyobadilisha elimu yote ya anga. Mwaka 1915 Albert Einstein alikuja na maelezo ya ndani zaidi kuhusu mvutano ni nini hasa, ila kwa kazi za kawaida, roketi zikiwemo, hesabu za Newton bado zinalisha watu.

Pondo na roketi

Mjomba aliuliza jingine: huko kusiko na hewa roketi inakanyaga wapi ili isonge? Yuko kwenye kundi la heshima. Mwaka 1920 gazeti la The New York Times lilimkejeli mtaalamu wa roketi Robert Goddard kwa hoja hiyohiyo, likaja kujisahihisha Julai 1969, wakati Apollo 11 iko njiani kwenda mwezini.

Ukiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini, mtumbwi unarudi nyuma. Umeusukuma, umekusukuma, kwa kani zinazolingana na zinazoelekea pande tofauti. Ukichomeka pondo kwenye tope unaisukuma dunia nyuma, nayo inakusukuma wewe na chombo mbele. Kani hazizaliwi moja moja, huja pacha. Roketi haikanyagi hewa, inasukuma moshi wake mwenyewe kwa ukali kwenda nyuma, na moshi unaisukuma roketi mbele. Hewa ikiwepo ni kizuizi tu. Kwa kanuni hiyohiyo, wakati dunia inaivuta ile pete ya Mukuku, pete nayo ilikuwa inaivuta dunia kwa kani ileile kabisa. Dunia ina masi kubwa mno, haikutikisika.

Roketi nazo si mambo ya ugenini kwetu. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano waliweka jukwaa la San Marco baharini, na kuanzia 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka pale. Moja ilibeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza ya aina yake. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Kwa nini Malindi? Rejea ile kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta inaanza safari tayari imepewa kasi hiyo bure, na mbele yake ni bahari tupu.

Jibu la mjomba

Nilimwandikia hayo yote kwa vipande, na jambo moja sikuhitaji kumfundisha. Mtu aliyeegesha majahazi maisha yake yote anajua mwezi unavuta. Bahari iliyo upande wa mwezi iko karibu nao kuliko kitovu cha dunia, kwa hiyo inavutwa zaidi kidogo na kuinuka. Bahari ya upande wa pili iko mbali zaidi, inavutwa kwa kani pungufu kuliko kitovu, inabaki nyuma na kuinuka nayo. Dunia ikizunguka tunapita pande zote mbili, ndiyo maana maji hujaa mara mbili kwa siku. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua huwa kwenye mstari mmoja na mwezi, mivuto inasaidiana na tunapata bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa ikifika mita 3 hadi 4 kwenye pwani yetu. Katikati ya hapo jua linavuta kwa pembeni, na ni maji mafu.

Kuhusu chuma, nilimwambia hivi. Chuma cha roketi kikizunguka kwenye anga za chini, hewa huko haijaisha kabisa, imekonda tu. Kila mzunguko hewa hiyo inakipokonya kasi kidogo. Kasi ya pembeni ikipungua, dunia haikwepi tena kwa kipimo kilekile, mzunguko unashuka, unakuta hewa nzito zaidi, unapokonywa zaidi. Hata kile Kituo cha Kimataifa hushuka taratibu, na kila baada ya muda injini huwashwa kukipandisha.

Mjomba akajibu baada ya sala ya isha: "Kwa hiyo siku ile haikuanza kuvutwa. Ilikuwa ikivutwa siku zote, mwendo ndio ulioiishia."

Nikamwambia ndivyo. Akauliza kama mwezi nao utaishiwa mwendo siku moja. La, huko hewa ya kuupunguza mwendo haipo, na kumbe mambo yako kinyume: wanaanga wa Apollo waliacha vioo mwezini, wataalamu huvipiga kwa mwanga wa leza na kupima umbali, na mwezi unatoka mbali nasi kama sentimita 3.8 kila mwaka. Sababu yake ni hayohayo maji kujaa na kupwa. Dunia inazunguka haraka kuliko mwezi unavyoizunguka, kwa hiyo maji yaliyoinuka hupelekwa mbele kidogo ya mwezi, yakawa yanauvuta mbele na kuusogeza nje.

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amelala. Kisha ikaingia: "Basi bamvua za huko mbele zitakuwa hafifu. Watatiaje chombo majini?"